Nani Alipie Chuma cha Mwanafunzi?

Kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, kuna mahali paitwapo Sanga ambapo wafu wanajulikana Ulaya kuliko walio hai. Mwaka 1957 na 1958 Jean Hiernaux na Jacques Nenquin walifukua hapo makaburi zaidi ya mia moja. Miaka ya 1970 Pierre de Maret akarudi bondeni, akachimba tena Sanga na vijiji jirani, akayapanga makaburi hayo karne kwa karne. Kilichotoka udongoni kilikuwa kazi ya mafundi: mikuki, majembe, ndoana, mikufu ya shaba iliyosokotwa kwa waya mwembamba, na misalaba midogo ya shaba ambayo kadiri karne zilivyopita ilizidi kupungua ukubwa na kufanana, mpaka ikawa fedha. Katika makaburi ya watoto vyungu vilifinyangwa vidogo kwa kadiri ya umri wa marehemu. Na huko Kamilamba, katika bonde hilohilo, mtu mmoja alizikwa miaka zaidi ya elfu moja iliyopita akiwa na fuawe karibu na kichwa chake, pamoja na shoka la heshima lenye mpini uliopigiliwa misumari ya mapambo.

Bonde la Upemba halina shaba. Migodi iko kusini, kilomita 200 na zaidi, na mzigo wote ulisafiri kwa mtumbwi na kwa bega la mchukuzi. Kwa hiyo fundi wa Kisale aliyejifunza kusokota waya alikuwa na mtu nyuma yake: aliyeilisha nyumba yake siku za kujaribu na kuharibu, aliyetoa samaki ili shaba ipatikane, aliyekubali kwamba kijana anayejifunza atapoteza madini mengi kabla mkono haujatulia. Wataalamu wa mambo ya kale wanaliona fuawe la Kamilamba kuwa dalili kwamba uhunzi na utawala vilikaa nyumba moja. Mwenye kutawala ndiye aliyekuwa mlezi wa wahunzi, au mhunzi mwenyewe.

Jina Sanga lina wenyewe wengine pia. Basanga wa nchi ya kusini, wenye lugha yao ya Kisanga, walikuwa miongoni mwa wayeyushaji mashuhuri wa madini. Watu wa kazi hiyo waliitwa walao shaba, maana shaba ndiyo iliyowalisha. Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenediktini aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, aliandika habari zao katika makala iliyotoka mwaka 1926. Waliyeyusha wakati wa kiangazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya chama: hakuna aliyeshika mvukuto bila kupokelewa na wakubwa. Ada ya masomo ilikuwepo hata siku hizo.

Mhadhara huu unaihusu ada hiyo, au tuseme ile sehemu yake isiyoandikwa kwenye risiti. Kila panapozungumzwa utafiti wa wanafunzi na kukuza wahandisi wa nyumbani, swali huwekwa kama mechi ya timu mbili: serikali upande huu, makampuni upande ule, na mtazamaji achague. Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, ni mahali pazuri pa kulitazama swali hilo kwa sababu moja rahisi. Hapo timu zote mbili zimewahi kufika, zote mbili zimeondoka uwanjani, na mchezo unaendelea kwa fedha ya mtu wa tatu ambaye hatajwi kamwe.

Tuanze na timu ya makampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka sitini iliyofuata Katanga iliishi kwa mfuko huo. Kampuni ilijenga nyumba, hospitali, shule za msingi na shule za ufundi. Ikamlea mtoto wa mfanyakazi ili awe mfanyakazi. Ilifundisha vizuri, na si haki kusema vingine. Mchomeleaji, fundi umeme au mkereza vyuma aliyetoka kwenye karakana zake aliweza kazi popote duniani. Lakini nyumba ile ya elimu ilikuwa na dari. Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima yenye ukubwa wa Ulaya ya magharibi. Kampuni ilihitaji mikono ya kuhudumia mashine. Akili ya kuzibuni iliiagiza Ubelgiji pamoja na mashine zenyewe. Hapo hapakuhitajika njama. Kampuni hulipia elimu hadi pale hesabu yake inapokoma, nayo ilikuwa imekoma kwenye bisibisi.

Serikali ya kikoloni ilichelewa, kisha ikaharakisha. Lovanium ilifunguliwa nje ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1954, na chuo kikuu cha Élisabethville, mama wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi cha leo, mwaka 1956. Mwaka 1959 Lovanium ikapata kitu ambacho bara zima halikuwa nacho: kinu cha nyuklia cha utafiti, TRICO, chenye nguvu ya kilowati 50. Mkuu wa chuo, Padre Luc Gillon, alikuwa mwanafizikia, naye hakuwa mtu wa kuogopa kubisha hodi. Kinu kilikuja kwa mkono wa Marekani, na kila mtu alijua deni lilianzia wapi: urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiyo iliyolisha mabomu ya 1945. Katanga ilitoa jiwe, na kinu kikajengwa kilomita zaidi ya 1,400 kutoka shimo lilipo. Hata hivyo kilifundisha wanafizikia wa kweli, na ndugu yake mkubwa, TRICO II, alifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Fedha ya fahari nayo hufundisha, mradi tu fahari isichoke.

Ilichoka. Lakini kabla ya hapo kilikuja kipindi cha mifuko miwili kushonwa kuwa mmoja. Mwaka 1967 serikali ilitwaa Union Minière, na baada ya kubadilishwa majina mara kadhaa kampuni ikawa Gécamines. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, mali ya serikali, na mwanafunzi akasoma kwa basari. Mhandisi kijana wa Lubumbashi alisomeshwa na dola na kuajiriwa na dola, na dola yenyewe ilikula kutoka sufuria ileile ya shaba. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Wazee wa kambi za Likasi na Kolwezi huusimulia wakati ule kwa sauti mbili, moja ya hamu na moja ya lawama: kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama.

Mwaka 1990 mifuko yote miwili ilitoboka, katika jimbo lilelile, ndani ya miezi mitano. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Lubumbashi, na Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na serikali ya Mobutu. Mwezi Septemba sehemu ya kati ya mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ikaporomoka. Mwaka uliofuata ukaja uporaji wa maduka na viwanda. Kufika mwaka 1994 Gécamines ilikuwa haitoi hata sehemu ya kumi ya shaba ya 1986. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikipa kitabu chake cha 2001 kichwa kinachowaita watu wa kizazi hicho Bana Shaba waliotupwa na baba yao. Wengi wanaukumbuka utupu wa mishahara. Wachache wanakumbuka kwamba siku zilezile maabara ziliacha kupokea kemikali na karakana za shule ziliacha kupokea vyuma.

Ndipo akaingia mfadhili wa tatu: mzazi.

Fuata fedha yake kidogo. Mama mmoja wa ukingoni mwa Kisale, ambaye anaweza kuwa mama yeyote kati ya maelfu, ananunua samaki kwa wavuvi, wengine wao wakiwa watu wanaoishi juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea. Anawabanika kwa moshi au kuwatia chumvi kuwa bitoyo, anawapakia kwenye mtumbwi hadi Bukama, kisha kwenye treni au lori. Kinachobaki baada ya nauli, vizuizi vya barabarani na samaki waliooza kinakwenda kwa mtoto aliye chuoni. Kwanza minervali, yaani ada. Kisha chumba cha kupanga. Kisha nakala za vitini vya walimu. Mwaka wa mwisho inakuja TFC, kazi ya kumaliza masomo, pamoja na gharama za kuichapa, kuijalidi na kuitetea mbele ya baraza.

Ukiitazama bajeti hiyo kwa makini, kila faranga imelipia karatasi. Hakuna iliyolipia bati, mota, waya, kipimajoto, wala siku moja ya mashine ya kukereza. Mzazi anaweza kununua diploma, tena kwa shida; hawezi kununua karakana. Na mwanafunzi, ambaye si mjinga, hupanga utafiti wake kulingana na mfuko. Yeyote aliyepita mbele ya rafu za maktaba za vyuo vya Kongo anazifahamu zile anwani ndefu za Kifaransa: mchango katika uchunguzi wa jambo fulani, mfano wa mji wa Kamina. Mara nyingi ni kazi za dodoso na hesabu, na baadhi ni nzuri kweli. Lakini mhandisi aliyemaliza miaka mitano bila kuharibu kipande cha chuma hajajifunza kile ambacho kijana wa Kisale alijifunza miaka elfu iliyopita kwa gharama ya bwana wake.

Wapo waliokataa kungoja. Jean-Patrice Keka alianzisha kampuni yake binafsi, DTA, na kutoka Menkao, mashariki ya Kinshasa, akarusha maroketi aliyoyaita Troposphere. La nne, mwezi Julai 2008, ndilo lililompa jina. La tano, mwaka 2009, lilibeba panya na halikwenda kama ilivyokusudiwa. Video yake ilizunguka dunia, na watu wengi waliicheka ambao hawajawahi kuwasha hata fataki. Upo upande wa kucheka na upo upande wa kuhesabu. Mtu mmoja, kwa fedha za biashara, alifanya majaribio ambayo hayakuwa hata kwenye ndoto za bajeti ya wizara. Lakini roketi halina mnunuzi sokoni. Kila jaribio lililoanguka lilianguka moja kwa moja kwenye mfuko wa mwenyewe.

Kisa cha Thérèse Izay Kirongozi kinafundisha zaidi. Chama chake cha wahandisi wanawake, Women Technology, kilifanya kazi na mafundi waliosomea ISTA, chuo cha ufundi cha Kinshasa, na mwaka 2013 kikasimamisha barabarani maroboti ya kuongoza magari: marefu kuliko mtu, ya aluminiamu, yenye paneli za jua na kamera za kurekodi wanaovunja sheria. Mwezi Machi 2015 yakaongezwa matatu, Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Bei iliyotajwa kwa kila moja ilikuwa karibu dola 27,500. Madereva wa Kinshasa, ambao hujadiliana na polisi kama wajadilianavyo na muuza ndizi, walikuta kiumbe kisichojua kujadiliana. Ubunifu wa aina hii ulianza kwa juhudi binafsi, ila ulipokomaa ulilazimika kubisha kwenye mlango wa serikali, kwa kuwa njia panda si mali ya mtu. Mwenye kampuni anaweza kugharimia roboti la kwanza. La hamsini linahitaji mstari katika bajeti ya jiji, na mstari huo ndio mgumu kuliko roboti.

Upande wa pili wa maziwa serikali zimewahi kutia mkono mapema, kwa matokeo tofauti. Kenya, mwaka 1986, Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari. Wahandisi walifanya kazi pamoja na karakana za reli, jeshi na Politekniki ya Kenya, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Yalitembea. Kilichokosekana ni fedha ya kutoka gari la mfano hadi gari la kuuzwa, na mradi ukazimika. Mabaki yake hayakupotea yote: shirika la mradi huo liligeuzwa kuwa Numerical Machining Complex, lililowekwa kwenye karakana za reli za Nairobi, likikereza vipuri. Wakenya husimulia kisa hiki kama aibu. Huenda wanakosea kidogo, kwani nchi iliyobaki na mashine za kukereza imebaki na kitu.

Uganda ilijifunza jambo moja kutoka hapo, nalo ni kutoachia katikati. Wanafunzi na walimu wa Makerere, baada ya kushiriki mradi wa kimataifa wa gari la Vision 200 ulioongozwa kutoka MIT, walirudi nyumbani na mwaka 2011 wakatoa Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Fedha ilitoka kwenye mpango wa rais wa kusaidia sayansi. Likafuata Kiira EV SMACK mwaka 2014, kisha basi la Kayoola lenye paneli za jua mwaka 2016. Kampuni iliyoundwa, Kiira Motors, ilikuwa ya serikali kwa asilimia 96 na ya Makerere kwa asilimia 4, na mabasi ya umeme yaliunganishwa kwanza katika kiwanda cha jeshi kule Nakasongola huku kiwanda chenyewe kikijengwa Jinja. Wabunge wa Uganda wamelalamika sana juu ya bei ya ndoto hii, na wana haki ya kulalamika. Lakini angalia mfululizo wa miaka: 2011, 2014, 2016, kisha mabasi. Mwanafunzi aliyeshika bisibisi ya kwanza alikuwa na mahali pa kushika ya pili. Mwaka wa fedha wa 2019/20 serikali iliongeza njia nyingine, ikaipa Makerere shilingi bilioni 30 za mfuko wa utafiti unaogombewa kwa maombi, na chuo chenyewe kikawa mgawaji.

Tanzania ina mfano wa kufikirisha kwa namna nyingine. Dakta Askwar Hilonga, wa taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alitengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo mno zinazokamata floraidi na metali. Taasisi ni ya umma, mshahara ni wa umma. Lakini fedha iliyolitoa chujio maabarani na kulipeleka kwa watu, pauni 25,000, ilikuwa tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya London, mwaka 2015. Mvumo wa Arusha ulihitaji kupigiwa makofi London kwanza.

Wako wanaosema basi makampuni ya madini ya leo, ambayo ni tajiri kuliko Gécamines ilivyowahi kuwa, yabebe mzigo huu. Mgodi mmoja tu wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ulitoa mwaka 2024 tani zaidi ya 437,000 za shaba, karibu sawa na kampuni nzima ya dola katika mwaka wake bora. Fedha ipo. Yapo pia maswali ambayo fedha hiyo haitayauliza kamwe. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, walichapisha mwaka 2009 vipimo vilivyoonyesha kobalti nyingi mno kwenye mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwaka 2018 wakatoa matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambapo watu walichimba kobalti ndani ya nyua zao. Mwaka 2020 wakaonyesha, katika jarida la Lancet Planetary Health, kwamba baba akifanya kazi ya migodi hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro huongezeka. Ni mhasibu yupi wa kampuni ya kobalti angeweka saini kwenye bajeti ya utafiti huo? Ulifanyika kwa sababu vyuo viwili vilikuwa na ushirikiano wa miaka mingi uliotegemea fedha za umma, nyingi zikiwa za Ubelgiji. Serikali ya Kongo yenyewe ilichangia zaidi watu kuliko fedha.

Kwa upande wa makosa ya serikali, watu wa Kongo ya kusini wana mfano unaopita juu ya vichwa vyao. Njia ya umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, ya kilomita zipatazo 1,700, ilikamilika mwaka 1982 kwa mikopo mikubwa ya nje. Ni umeme wa mkondo mnyoofu, na umeme wa namna hiyo hauteremshwi njiani kwa transfoma ya kawaida. Unahitaji kituo cha kuugeuza, ambacho bei yake ni ya kutisha. Kwa hiyo nyaya zinavuka vijiji usiku na vijiji vinawasha koroboi. Mhandisi wa nyumbani angeweza kupendekeza mpango mwingine. Hakuulizwa, maana mkopo ulikuja pamoja na michoro yake.

Sheria za Kongo, ukizisoma taratibu, zina mifuko ambayo si ya serikali tupu wala ya makampuni matupu. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, tangu 1964 huishi kwa makato ambayo waajiri hulipa kulingana na mishahara ya wafanyakazi wao. Kanuni ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Mrabaha wenyewe hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa tawala za chini, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Hapo Kamina inakumbana na jiografia. Mwaka 2015 Katanga ilikatwa vipande vinne. Shaba na kobalti zilibaki Lualaba na Haut-Katanga. Haut-Lomami ikapata reli, mahindi, ng'ombe, ziwa na samaki. Ile robo ya mrabaha inakwenda jimbo lenye mgodi, na ile asilimia 0.3 inakaa vijiji vinavyozunguka shimo. Chuo Kikuu cha Kamina kiko katika njia ambayo treni za madini hupita, upande usiofaa wa ramani. Kinachobaki wazi kwake ni ile asilimia 10 ya vizazi vijavyo, ambayo ni ya taifa zima. Kama kuna mahali katika sheria yote ya madini ambapo mwanafunzi wa uhandisi wa Kamina anaweza kusimama na kusema hapa nimetajwa, ni hapo, maana ni vigumu kufikiria kizazi kijacho kilicho karibu zaidi kuliko yeye. Viongozi wa Afrika wameahidi zaidi ya mara moja, Lagos mwaka 1980 na Khartoum mwaka 2006, kuweka asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti. Ahadi ile ni ya mawaziri wa fedha. Hii ya asilimia 10 tayari inakatwa.

Na kiasi kinachohitajika mwanzoni si cha kutisha. Rudi kwa yule mama wa Kisale na moto wake. Samaki wa Upemba hubanikwa juu ya vichanja vya wazi, ambapo moshi mwingi unakwenda angani na kwenye macho ya wanawake, na kuni zinazidi kutoka mbali. Tatizo hilo lilishapata jibu mahali pengine. Kule Chorkor, kitongoji cha wavuvi cha Accra, taasisi ya utafiti wa chakula ya Ghana, pamoja na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa na wanawake wabanika samaki wenyewe, walibuni tanuri la udongo lenye trei zinazopangwa moja juu ya nyingine, ambazo zenyewe huwa bomba la moshi. Lilienea Afrika ya magharibi yote. Hakuna kampuni iliyotajirika nalo, na ndiyo sababu hakuna kampuni ambayo ingelibuni.

Tanuri la Chorkor likiletwa Kisale jinsi lilivyo lina mambo ya kurekebishwa. Ukingo wa ziwa hupanda na kushuka na mafuriko, wavuvi wengine wamejenga juu ya mafunjo yasiyoweza kubeba udongo mzito, na samaki wa maji baridi ana mafuta na unene wake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya wanafunzi wawili au watatu kwa misimu miwili ya kiangazi: mmoja wa ufundi mitambo, mmoja wa kilimo, na mmoja anayejua kukaa na akina mama bila kuwahutubia. Watahitaji mapipa matupu ya mafuta, bati, nondo, wavu wa chuma, mzani wa kupimia kuni kabla na samaki baada, vipimajoto vichache, nauli ya treni hadi Bukama na ya mtumbwi kwenda mbele. Watahitaji pia ruhusa ya kuharibu matanuri matatu ya kwanza na kundi zima la samaki ambalo mtu lazima awe amelilipia. Karakana ya kukatia bati inaweza kuwa ya reli, jinsi ilivyokuwa Nairobi. Kamina iko kwenye reli tangu njia ya Bukama hadi Ilebo ilipokamilika mwaka 1928, na ikawa njia panda ile ya Kabalo ilipoungwa mwaka 1956.

Msimu wa kwanza ungeanza mvua ikikatika, mwezi wa tano, wakati maji ya Kisale yanaanza kurudi na vichanja vinajengwa upya ukingoni.